"Msiwaguse masihi wangu": je, muumini akimwomba mchungaji hesabu ni uasi?

#1 Mwana wa Mkomaindo

Wakuu, Bwana asifiwe.

Minada ya korosho imeanza, na sadaka za mavuno nazo zimeanza kupokelewa makanisani. Kila mwaka kipindi hiki, kati ya Masasi, Newala na Tandahimba, hukosi kusikia kanisa limepasuka. Watu hawagombanii ubatizo wala karama. Wanagombana kwa sababu kuna mtu kauliza hela zimeenda wapi.

Nieleze kisa kimoja. Kanisa silitaji, dhehebu silitaji, na anayelijua namwomba asilitaje humu. Waumini walichangia bati. Wengine walitoa taslimu palepale, wengine waliahidi mpaka malipo ya korosho yaingie, yakaingia wakatoa. Masika yakafika, watu wakaendelea kusali huku wameweka ndoo chini ya paa lilelile. Kijana mmoja, mwalimu, akasimama kwenye mkutano wa waumini akaomba kwa heshima wasomewe mapato na matumizi. Hakumtuhumu mtu. Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa Hesabu sura ya 16, jinsi nchi ilivyofunua kinywa ikawameza Kora, Dathani na Abiramu waliomwasi Musa, yakamaliziwa na "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wa Mungu. Jina la kijana halikutajwa, lakini kanisa zima liligeuza shingo kumtazama. Sasa ibadani haendi, na mama yake anafuatwa na wanakwaya wenzake wakimwambia amkanye mwanawe asije akajiletea laana.

Mimi ni mzee wa kanisa, si wa hapo, ni wa kwingine. Naamini mchungaji ana mamlaka, naamini anayatoa kwa Mungu, na sijawahi kuunga mkono watu wanaomfanya mchungaji kuwa kibarua wao. Lakini maandiko yale mawili yanasomwa nusu, na ile nusu inayoachwa ndiyo inayomwelemea anayeyatumia.

Tuanze na Kora. Kora hakuuliza hesabu, alitaka ukuhani. Sasa someni mstari wa 15 wa sura hiyohiyo. Musa kakasirika, anaomba mbele za Mungu, na neno analolitanguliza kujitetea ni kwamba hakuchukua hata punda mmoja wa watu wale wala hakumdhuru yeyote kati yao. Katikati ya uasi mkubwa kuliko wote jangwani, Musa anatoa hesabu, na hakuna hata aliyemwomba! Samweli naye alipozeeka, kwenye 1 Samweli 12, alisimama mbele ya Israeli yote akawaambia wamshuhudie kama alimchukulia mtu ng'ombe au punda, kama alipokea rushwa. Watu wakajibu hapana. Huyo ndiye masihi wa Bwana anayejua kwamba hana cha kuficha.

Halafu kuna Kutoka 38, sura ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Watu wametoa dhahabu, fedha na shaba kwa ajili ya hema ya kukutania. Kazi inaelekea kuisha, Musa anaagiza hesabu ifanywe, na inafanywa chini ya mkono wa Ithamari, mwana wa Haruni kuhani. Dhahabu talanta 29 na shekeli 730. Fedha talanta 100 na shekeli 1,775. Kisha inaelezwa ilivyotumika: zile talanta 100 zilisubu vitako 100, yaani misingi ya kusimamishia hema, kila kitako talanta moja, na zile shekeli 1,775 zilizobaki zikatengenezewa kulabu za nguzo. Hata chenji imetajwa! Mungu aliona taarifa ya mapato na matumizi inastahili kukaa kwenye Maandiko Matakatifu, sisi tunaona kuiomba ni dhambi.

"Msiwaguse masihi wangu" iko Zaburi 105 mstari wa 15. Rudini mistari sita nyuma mwone masihi hao ni akina nani. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakati ule walipokuwa watu wachache, wageni, wanahama taifa hadi taifa. Na anayeonywa ni nani? Mstari wa 14 unasema Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Ni neno lililotolewa kumlinda mnyonge asionewe na mwenye nguvu. Leo mwenye kipaza sauti anamtishia nalo mwalimu wa shule ya msingi.

Jambo la mwisho. Sisi wakulima hatukubali AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, ipite msimu bila mkutano mkuu. Tunataka tuone mzani, tunataka tusomewe makato moja baada ya jingine, na karani akibabaika kunawaka moto. Kwa nini mkulima huyohuyo akivuka mlango wa kanisa anaambiwa macho yake sasa ni macho ya Kora?

Naomba michango yenu, hasa wachungaji.

#2 Kitere Kwetu

Nakaa hapa nisubiri wachungaji.

#3 Mchunga Kundi

Bwana asifiwe mzee wangu. Mimi ni mchungaji, niko uwanda wa Makonde, kundi langu ni dogo. Nimesoma bandiko lako lote na sikatai andiko hata moja. Kutoka 38 nitaihubiri, nakuahidi. Ila uniruhusu nikuonyeshe upande ambao anayekaa kwenye viti vya mbele vya kanisa haoni.

Sadaka ya huku ina msimu kama korosho yenyewe. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kwanza kikapu kinajaa. Kuanzia wa tatu kwenda wa nane, watu wananunua salfa, dawa ya mikorosho, wanapulizia, wanakopa, na kikapu kinarudi na sarafu. Posho ya mchungaji nayo inakwenda hivyohivyo. Sasa mjue kinachotokea: katika miezi hiyo mikavu anatokea muumini mmoja mwenye uwezo, anamlipia mchungaji ada za watoto, anajaza mafuta pikipiki. Mwezi wa kumi ukifika ndiye anayechagua nani awe mweka hazina, kwaya ipi iimbe, na nani asimamishwe ushirika. Ukimkatalia anaitisha "hesabu". Haitishi kwa sababu ya bati. Anaitisha ili uhame.

Nimeona mchungaji mwenzangu akiondolewa hivyo. Hesabu zake zilikuwa safi, daftari lipo, stakabadhi zipo. Waliosoma daftari hawakuwa wakitafuta kosa kwenye namba, walikuwa wanatafuta mchungaji atakayewaogopa. Kwa hiyo mnaposema mchungaji aulizwe, nami nasema aulizwe, lakini mtofautishe anayeuliza kwa kuipenda nyumba ya Mungu na anayeuliza ili aimiliki. Yohana katika waraka wake wa tatu anamtaja Diotrefe, "apendaye kuwa wa kwanza". Hatuambiwi Diotrefe alikuwa na cheo gani. Anaweza kuwa mchungaji, anaweza vilevile kuwa mzee wa kanisa mwenye ekari nyingi za mikorosho.

Na Waebrania 13:17 bado ipo: "Watiini wenye kuwaongoza, na kuwanyenyekea, maana wao wanakesha kwa ajili ya roho zenu." Kukesha kwetu hamkuoni. Usiku wa manane anayegongewa ni mimi, mgonjwa apakiwe pikipiki apelekwe hospitali, na asubuhi niwe mazishini.

#4 Mwana wa Mkomaindo

Mchungaji, asante sana. Umenifundisha jambo, na hilo la miezi mikavu ni kweli tupu, nimeliona hata kwetu. Naomba niongeze mawili tu.

La kwanza, Waebrania 13:17 uiendeleze kidogo: wanakesha "kama watu watakaotoa hesabu". Utii wa kondoo na hesabu ya mchungaji vimefungwa kwenye sentensi moja. Tukifundisha nusu ya kwanza tu tumeukata mstari vipande.

La pili, dawa ya Diotrefe tajiri ni hesabu kusomwa wazi mbele ya watu wote. Yule mwenye hela anampata mchungaji kwa sababu mambo yao ni ya sirini, wanayajua wawili. Kama kila mwezi wa sita kanisa linasimama linasomewa kwamba mchungaji amepata kiasi hiki na pengo ni hili, basi pengo ni la kanisa zima na wa kulijaza ni kanisa zima. Paulo hakukubali kubeba peke yake michango ya kwenda Yerusalemu. 2 Wakorintho 8 inaeleza kwamba pamoja na Tito alitumwa ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu kuhusu ukarimu ule. Aliyetaka hivyo ni Paulo mwenyewe, mtume, wala hakuona amedharauliwa.

Huyo mwenzako aliyeondolewa na daftari safi ameonewa, na kanisa lililonyamaza limetenda dhambi. Nalisema hilo bila kung'ata maneno.

#5 Binti Nyangao

Tumsifu Yesu Kristo.

Nawasoma kaka zangu tangu mwanzo: mchungaji, mzee, mweka hazina, mwenye ekari. Wote wanaume. Mnabishana nani atoe hesabu na nani aipokee. Mimi nauliza, utumishi wenyewe anaufanya nani?

Askofu akija kutoa Kipaimara, siku tatu kabla kina mama tumeshaanza kutwanga, kuchota maji, kufagia uwanja, kuchinja kuku. Siku yenyewe sisi tuko nyuma kwenye moshi, mahubiri tunayasikia kwa mbali. Chakula kikiiva wanaketi wazee wa halmashauri na wageni, na neno la shukrani linatolewa na mwanamume ambaye hakuinua hata kuni moja. Halafu jioni kikao kinapanga bajeti ya jiko, na aliyeshika jiko hayumo kikaoni.

Sidai nipewe daraja la upadre, msinielewe vibaya. Nasema kwamba kama Bwana alisema anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wa wote, basi kila parokia ya Mtwara na Lindi ina wakubwa wake, wamejifunga khanga kiunoni, na hakuna anayewauliza neno. Luka 8 inawataja Mariamu Magdalene, Yoana na Susana, na wengine wengi, waliomhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Safari ile iliendeshwa kwa fedha za wanawake, na majina yao yakaandikwa.

Tena kuhusu kuosha miguu. Alhamisi Kuu tulizoea kuona wanaume kumi na wawili, wameshaoga na kujipaka mafuta kabisa nyumbani, wanakalishwa mbele padre awaoshe. Mwaka 2016 Papa Fransisko alibadilisha utaratibu, kwamba wanaochaguliwa wawe watu wa makundi yote ya taifa la Mungu, wanawake wakiwemo, vijana kwa wazee, wagonjwa. Kuna parokia ambazo mpaka leo viti vile ni vya wazee wa baraza. Nikiona mwaka mmoja anaitwa bibi yule anayefagia kanisa kila Jumamosi, padre akapiga goti mbele yake, nitaamini kwamba mambo yameanza kueleweka.

#6 Nachingwea Moja

Dada #5 umenena. Kwetu pia mama ndiye anayeombea, anayepika na anayechanga, ila kwenye uchaguzi wa wazee anaambiwa "mama mtashauri". Inashangaza zaidi kwa sababu sisi Wamakua, Wayao na Wamakonde ukoo tunauhesabia kwa mama. Nyumbani mjomba anasikilizwa kwa sababu ya dada yake. Kanisani dada mwenyewe hasikilizwi.

#7 Chitangali Asili

Salaam wote. Nawaletea historia ya hapahapa, maana tunapoongelea uongozi tunakimbilia mifano ya mbali huku ardhi yetu imejaa mashahidi.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa utumwani, ukaanza mji wa Kikristo. Miaka kumi baadaye, 1886, Cecil Majaliwa alipelekwa Chitangali. Majaliwa alikuwa Myao, aliyekuwa mtumwa utotoni kabla ya kulelewa na misheni Zanzibar. Alikaa huko na mke na watoto, Wazungu wakiwa mbali, akafanya kazi bega kwa bega na Barnaba Nakaam, mkuu wa Wayao wa pale. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni yote ya UMCA. Kanisa la Chitangali lilikua chini ya mtu ambaye watu wa wakati wake wangemhesabu kuwa bidhaa. Mamlaka yake yalitoka wapi? Hakuwa na bunduki, hakuwa na ukoo mkubwa wa kumlinda. Alijua lugha yao, aliishi palepale walipoishi, na Nakaam alimwamini.

Na hapo kuna uchungu pia, lazima niuseme. Mwaka 1897 aliondolewa akarudishwa Zanzibar, na uamuzi haukuwa wa watu wa Chitangali. Waliomjua kuliko mtu yeyote ndio ambao hawakuwa na sauti. Naomba tusisahau jambo hili tunapozungumzia uhamisho. Mpaka leo barua inatoka juu, mchungaji anahamishwa katikati ya ujenzi, na waumini wanasikia Jumapili ya kuagana.

Mfano mwingine. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa 1926, alikuta suala la jando. Angeweza kulipiga marufuku kwa waraka mmoja, na wapo waliotaka hivyo. Badala yake likafanyiwa kazi na mapadre na wazee Waafrika, jando la Kikristo likapatikana, lenye sala, na padre akiwepo. Mtu anaweza kulikosoa, mimi mwenyewe nina maswali nalo, lakini askofu alitambua kwamba katika jambo lile mwenye kujua ni mzee wa kijiji.

Na Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wetu 1960 hadi 1968, alikuja akiwa na jina kubwa duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Nchi ikapata uhuru akiwa hapa. Akaondoka angali na nguvu, na kiti akakalia Hilary Chisonga, Mwafrika. Hesabuni viongozi mnaowajua walioachia kiti wakiwa na nguvu.

#8 Mikindani Pwani

Mimi ni Muislamu, niruhusiwe kusema kidogo. Ugonjwa huu hauna dini. Kwetu nako mkiuliza fedha za msikiti mnaambiwa mnaleta fitina. Ninaloliona hapo ni kwamba kijana yule mwalimu hakukosea kuuliza, na mama yake asilie. Nawafuatilia.

#9 Ndanda Juu

Milele amina dada #5, umenigusa.

Mimi nimestaafu ukatekista. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walipojenga Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu vita vya Majimaji vianze, na vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao vilikuwa vimechomwa. Askofu wao Cassian Spiss aliuawa Agosti 1905 njiani, pande za Liwale, pamoja na mabruda na masista. Wakarudi hivyohivyo. Kanuni wanayoishi, ya Mtakatifu Benedikto, iliandikwa karne ya 6, na ina mambo matatu yanayouhusu uzi huu.

Sura ya 3 inasema kukiwa na jambo zito abati, mkuu wa monasteri, aiite jumuiya yote atoe shauri, na sababu inatajwa: mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Uamuzi unabaki kwake abati, lakini kwanza amsikie mdogo. Sura ya 35 inasema ndugu wapokezane zamu ya jikoni wiki kwa wiki, na anayemaliza zamu, pamoja na anayeingia, wanawaosha wenzao wote miguu. Haingoji Alhamisi Kuu, ni kila wiki, na inakwenda pamoja na kufua vitambaa na kurudisha vyombo vya jikoni vikiwa safi na vizima. Sura ya 64 inamwambia abati kazi yake ni kuwafaa watu kuliko kuwatawala.

Sisemi kila nyumba inaishi hivyo kila siku, binadamu ni binadamu. Ila mtu aliyeshika sufuria wiki iliyopita hakalipii wenzake ovyo wiki hii. Ningependa kuona halmashauri za parokia zetu, waheshimiwa wote, na zamu yao ya jikoni siku ya Kipaimara. Iandikwe ukutani.

#10 Mchunga Kundi

Nimerudi. Nimesoma #5 mara mbili na #7 mara tatu.

Nikiri hapa kwamba nafundisha Matendo 6 kila mwaka, lakini sasa ndiyo imenijia nguvu yake. Wayahudi wa Kiyunani walinung'unika kuwa wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Nung'uniko la mgao, ndani ya kanisa lililoongozwa na mitume waliotembea na Yesu! Na Petro hakuhubiri Kora. Mitume waliita kusanyiko lote wakasema chagueni ninyi watu saba. Angalieni majina yaliyochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kikapu kilikabidhiwa upande uliolalamika. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likazidi kuenea.

Swali langu kwa mzee #1 ni la vitendo. Kanisa langu halina mhasibu, wazee wengi hawakusoma sana. Nianzie wapi?

#11 Mwana wa Mkomaindo

Mchungaji, anza na daftari moja na watu watatu wasio ndugu zako, mmoja awe mama. Sadaka ihesabiwe na wote watatu palepale baada ya ibada, waandike, wasaini, na kiasi kitangazwe kabla watu hawajatawanyika. Michango ya ujenzi iwe na ukurasa wake, isichanganywe na posho yako. Kila robo mwaka karatasi ibandikwe mlangoni. Mtu asiyejua kusoma atasomewa na mjukuu wake.

#12 Kitere Kwetu

Naongezea la sheria, kwa wale wanaodhani wanaomba hisani. Kanisa lililosajiliwa liko kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na lilisajiliwa kwa katiba. Mali kama viwanja na majengo kwa kawaida ziko chini ya bodi ya wadhamini, na wadhamini husajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Iombeni katiba ya kanisa lenu, isomeni sehemu ya fedha na ya mikutano kabla hamjaingia kikaoni. Mara nyingi kile mnachokiomba kwa kutetemeka kimeshaandikwa mle kwamba ni haki yenu. Na msianzie kwa Msajili. Anzeni kikaoni, kisha kwa mkuu wa jimbo au askofu, kwa barua, mbaki na nakala.

#13 Binti Nyangao

Mzee #1, yule kijana mwalimu, kuna mtu aliyekwenda kumwona?

#14 Mwana wa Mkomaindo

Nilikwenda dada yangu, na mzee mwenzangu mmoja. Tulimkuta anasahihisha madaftari. Hataki kugombana, hataki kuhamia dhehebu jingine, anataka arudi akae kwenye benchi lake pale alipobatizwa. Tumemwomba mchungaji wake atupe nafasi tuketi sote wanne na mama wa kijana. Amekubali kukutana, siku bado hajaipanga. Waombeeni wote wawili, mchungaji na mwalimu. Nitaleta mrejesho humuhumu.